Mwaka Niliotobolea Vyungu Uani

Kila kijana anayekuja hapa Pugu kuniomba nimfundishe kufinyanga, nikishamwonesha udongo na kumkatisha tamaa kidogo, huniuliza ni chungu gani kilinisumbua kuliko vyote. Wengi wanategemea niseme mtungi mkubwa wa maji, ule ambao ukikaa kuufinyanga unajificha nyuma yake. Mtungi haujanisumbua. Kilichonisumbua ni chungu cha kukumbatia kwa mikono miwili, chenye matundu mwili mzima.

Mikono yangu imeshastaafu. Asubuhi vidole havikunji mpaka nivichovye kwenye maji ya moto, na daktari amenikataza udongo wa baridi. Kwa hiyo siku hizi nafinyanga kwa mdomo, na mikono ni yenu. Msikilize basi, maana nitarukaruka, nitaanzia katikati, nitarudi nyuma, na asiyeweza kuvumilia aende akanunue sufuria.

Kwanza mjue habari ya tundu. Kwetu sisi, kwa wazee wa huku Pugu na Kisarawe, chungu hakitobolewi. Zamani mtu akifa, kile chombo alichozoea kunywea maji kilitobolewa kitako, kikawekwa juu ya kaburi lake, asije mwingine akakitumia. Mashehe walilikemea jambo hilo, na sasa huoni vyungu makaburini isipokuwa kwenye yale ya zamani yaliyomezwa na nyasi. Lakini hofu haikuondoka pamoja na vyungu. Mfinyanzi aliyelelewa vizuri hatoboi chungu, na hasa hatoboi kwenye nyumba yenye mwenye mimba. Na msiniletee habari za chetezo cha ubani. Chetezo kina matundu, ndiyo, lakini hakina tumbo. Chungu kina tumbo, kina shingo, kina mdomo, ni mtu huyo, na ukikitoboa umemtoboa mtu.

Aliyenifundisha hayo ni shangazi yangu, Bi Tatu, dada wa baba, ambaye ndiye mwenye ua huu. Alinipokea nikiwa msichana asiyejua hata kukanda. Alikuwa mkali, mkono mwepesi, lakini sijapata kuona mtu aliyejua udongo kama yeye. Mara ya kwanza kuniachia nichome peke yangu, nilivitia vyungu motoni kabla havijakauka ndani. Kwa nje vilikuwa vikavu kabisa, ukivigusa unaapa. Vikaanza kulipuka kimoja baada ya kingine mpaka kuku wa jirani wakahama. Shangazi hakunigombeza. Alinipa mchi na kinu, nikasaga vigae vyote vile vikawa chenga, nikazichanganya kwenye udongo mpya, maana udongo wenye chenga za vigae hustahimili moto kuliko udongo mtupu. Nilitwanga huku nalia. Alipoona nimemaliza akaniambia sasa ndiyo umeanza kazi.

Dawa ya kujua kama chungu kimekauka, weka shavu lako kwenye kitako chake. Kikiwa cha baridi, bado kina maji. Nyie mna tanuru za umeme na video za kwenye simu, lakini shavu halihitaji bando.

Shangazi alikuwa na binti mmoja tu. Alifariki akijifungua mimba ya kwanza, hapahapa uani, kabla sijahamia, enzi hizo barabara ya huku ikinyesha haipitiki na mtu hapati wa kumkimbiza popote. Mtoto naye hakutoka. Chungu cha mwisho ambacho shangazi alikitoboa kwa mkono wake kilikuwa cha binti yake huyo, na hakutaka kusikia tena neno hilo. Nawaambia mapema ili msije mkadhani alikuwa bibi mwenye roho mbaya. Nilimpenda, na hata siku ile nilipomchukia kwa saa chache nilikuwa nampenda.

Sasa, Mama Jaya. Huyu ni mama wa Kihindu wa Kinondoni, mzaliwa wa Tanga, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Alikuja kwetu mara ya kwanza amefunga kitu kwenye shuka, akakifungua mkekani kwa adabu. Kilikuwa chungu kilichovunjika, kimepakwa rangi na vioo vidogovidogo, kina matundu kila upande. Akaeleza kwamba kila mwaka wanayo sikukuu ya Mama, Mungu wao kwa sura ya mama, na inafuata mwezi kama sikukuu zetu. Kwa usiku tisa wanawake wanacheza kwa kuzunguka chungu kama hicho, wanakiita garbo, ndani yake inawaka taa, na mwanga unatoka kwenye yale matundu. Walikuwa wanaviagiza kutoka India na vinafika vigae. Aliyekabidhiwa kuvileta ukumbini ni yeye, na alishachoka kuwatia aibu wenzake.

Nilimuuliza maana ya matundu. Akasema chungu ni tumbo la Mama, taa ni uhai uliomo tumboni, na matundu ni ili uhai uonekane. Shangazi alikuwa mlangoni anachambua mchele. Alisimama na ungo wake, akasema, “Tumbo lenye matundu,” akaingia ndani, hakutoka mpaka mgeni alipoondoka.

Nilimwomba shangazi kwa muda mrefu. Mwishowe akakubali kwa sharti: nifinyange nyumbani kama chungu chochote, lakini matundu niyatobolee kule shimoni tunakochimba udongo, mbali na nyumba, nivichomee hukohuko, na visilale kwetu hata usiku mmoja. Nikakubali, na kwa miaka mingi tukaenda hivyo.

Mwaka wa kwanza niliaibika. Nilitoboa udongo ukiwa bado mbichi, nikaona unanikubali vizuri, nikafurahi, nikatoboa mzunguko mzima. Nilipogeuka kuchukua maji chungu kilikuwa kimekaa chini chenyewe, matundu yametazama juu. Mwaka uliofuata nikachelewa, nikatoboa kimekauka, kila tundu likazaa ufa. Kumbe kuna muda wake. Udongo ukikaza kiasi kwamba ukucha unaacha alama lakini kidole hakitoki na unyevu, hapo ndipo, na muda huo ni mfupi. Upepo ukivuma ni mfupi zaidi. Usitumie mti, unasukuma udongo ndani na kuacha ndevu. Mimi nilitumia antena ya redio ya marehemu mume wangu, ile ya bomba. Unaisukuma huku unaizungusha, inatoka na kipande cha udongo tumboni mwake, na tundu linabaki safi. Mume wangu alitafuta stesheni mwezi mzima.

Binti yangu Rehema alikua na kazi hiyo. Akiwa mdogo ndiye aliyekuwa anavipaka vyungu vya Mama Jaya udongo mweupe wa huku kwetu, kabla ya wao kuvitia rangi zao. Alivipenda kuliko mimi. Akaolewa Kimara na dereva wa malori, akashika mimba, na miezi ya mwisho akarudi kwangu ajifungulie mimba ya kwanza kwa mama yake, kama desturi. Mumewe alikuwa safarini kusini.

Ndio mwaka ninaousema.

Tangu Rehema alipofika, shangazi alibadilika. Usiku alikuwa anaamka kumsikiliza anavyopumua. Vyungu vya Mama Jaya nilishavifinyanga, vidogo vya majumbani na kimoja kikubwa cha ukumbini, na vilikuwa vimefunikwa pembeni ya ua vikingojea kukaza. Shangazi akavipita kila siku bila kuvitazama. Aliniambia mara moja tu, “Ukivipeleka shimoni nenda asubuhi, na ukirudi usipite kwake kabla hujaoga.” Nikaitikia.

Siku vilipokaza, shangazi alikuwa ameitwa msibani Chanika tangu alfajiri. Upepo mkali unavuma. Rehema kaamka anasema kiuno kinamvuta, si uchungu, kiuno tu. Mimi niliuona uso wake, nikajua simwachi peke yake niende shimoni. Na nisipotoboa siku ile, vyungu vyote vimeharibika, hakuna muda wa kufinyanga vingine, na Mama Jaya atasimama mbele ya wenzake mikono mitupu. Nikabaki nimesimama na antena yangu. Rehema ndiye aliyesema.

“Mama, toboa tu hapahapa. Nitazame na mie nisahau hiki kiuno.”

Nikatoboa uani. Nilivianza vidogo, nikavimaliza, nikakipakata kile kikubwa. Rehema amekaa mkekani ananielekeza, hapo mama umepinda, hapo umebana. Tulikuwa tunacheka. Nilipofika nusu ya chungu, akashika mkeka, nikaona maji yamemwagika chini yake. Na wakati huohuo mlango wa ua ukafunguliwa, shangazi akaingia, amejitanda kanga ya msibani.

Alitazama vyungu. Akamtazama Rehema. Akayatazama mapaja yangu, na chungu kilivyokaa na matundu yake.

“Zena, umemtobolea mwanangu mbele ya macho yake.”

Nilieleza, sijui nilieleza nini. Yeye tayari alikuwa anamwinua Rehema. Bajaji iliyomleta ilikuwa bado nje, akaipigia kelele isiondoke. Nikasimama niwafuate, na hapo akageuka mlangoni. Hakupaza sauti, na ndiyo maana mpaka leo naisikia.

“Wewe baki. Hiyo mikono isimguse mpaka uvivunje vyote. Vyote, na udongo urudi shimoni.”

Rehema alikuwa ameshabanwa na uchungu, hakuweza kusema. Alininyooshea mkono kidogo. Shangazi akaushusha, akamkalisha kwenye bajaji, wakaenda.

Vijana wangu, mtu anaweza kuwa na akili zake timamu, amesali, anajua kwamba kufa na kupona kuko kwa Mungu, na bado mikono yake ikaogopa. Mimi niliiangalia mikono yangu ina udongo mpaka kwenye viwiko, nikaamini. Nikasema navunja upesi, naoga, narukia bodaboda nawafuata zahanati. Nikachukua kimoja cha vile vidogo nikakiinua juu ya jiwe la kuogea.

Hodi ikapigwa. Alikuwa Mama Jaya. Alikuja kuona kazi inaendaje, kama alivyozoea. Akanikuta nimeinua chungu juu ya kichwa, nalia.

Alikipokea mkononi mwangu taratibu, akakiweka chini, akanikalisha. Nikamwambia yote, ya makaburi, ya binti wa shangazi, ya Rehema. Miaka yote ile sikuwahi kumwambia kwa nini vyungu vyake vinatobolewa shimoni. Alidhani ndiko kwenye kivuli. Uso wake ukabadilika, nikaona na yeye ameogopa, na hofu yake haikuwa ya kukosa vyungu.

“Mama Rehema,” akasema, “ungeniambia mapema nisingekuja tena kwako. Lakini sasa vimeshatobolewa. Kwetu sie hili ni tumbo. Mtu akivunja garbo makusudi, wakati mwanawe yuko kwenye uchungu, mie siwezi hata kutamka anavunja nini.”

Basi hapo nikabaki katikati. Nikiviacha, kwa imani ya nyumba yangu nimemchimbia mwanangu kaburi. Nikivivunja, kwa imani ya mwenye vyungu nimelivunja tumbo lake. Nilimuuliza Mama Jaya angekuwa yeye angefanyaje. Akasema angekuwa binti yake Jaya ndiye yuko huko, asingejua, na asingetaka mtu amwamulie. Nilimheshimu sana kwa jibu hilo, na nilimkasirikia pia, maana nilitaka aniamulie.

Simu ikaita. Sasa lazima mjue kitu: shangazi hakuwahi kupiga simu maishani mwake. Alikuwa anabipu, mlio mmoja anakata, ukimpigia ndiyo anasema. Ule mlio ulipopita wa kwanza ukaendelea, nikaidaka simu.

Alisema zahanati wamewakataa, wamewahamishia hospitali kubwa kwa gari la wagonjwa, mtoto hashuki na mapigo yake hayaendi sawa. Nyuma yake nilisikia watu wengi wanasema kwa haraka. Kisha akaniuliza, “Umevivunja?”

Sikuweza kumdanganya. Nikasema bado. Akakata.

Nikasimama kwenda. Mama Jaya akasema dereva wake yuko nje, atanipeleka. Nikafika hadi mlangoni nikarudi. Naona wengine mnanitazama. Mtanilaumu, mnaruhusiwa. Lakini shangazi alishasema mikono hiyo isimguse, na nilijua nikifika pale nikiwa sijavunja atanifukuza mbele ya wauguzi, Rehema asikie ugomvi wetu akiwa kwenye hali ile. Na nikienda nikiwa nimevunja, moyo wangu utaniambia nimelivunja tumbo. Sikuwa na mguu wa kuendea.

Upepo ukazidi. Kile chungu kikubwa, nusu kina matundu na nusu hakina, kilikuwa kimeanza kupauka upande wa jua. Hiyo ndiyo hali mbaya kuliko zote kwa chungu, upande mmoja ukikauka kuliko mwingine, kinajipasua chenyewe kwa kuvutana. Nikaona kwamba nikiendelea kukaa vilevile nimekaa nalia, chungu kitajivunja bila mimi kuamua, na hilo nalo ningelibeba. Ndipo mikono ikakumbuka kazi yake.

Nikachukua magunia ya katani nikayalowesha. Hapa msikilize, hata kama hamtaki stori. Gunia la kufunikia chungu kilichotobolewa halitakiwi kudondosha maji. Tone likiingia kwenye tundu linayeyusha ukingo, tundu linafunguka. Unalikamua mpaka liwe la ubaridi tu. Unalifunika, na kila likianza kukauka unalinyunyizia kwa vidole, siyo kwa kopo. Ukifanya hivyo udongo unabaki palepale ulipo, haukazi, haulegei. Unaweza kuuweka hivyo hadi jioni, ukitaka. Lakini huwezi kwenda popote.

Tukakaa, mimi na Mama Jaya, bakuli la maji katikati. Yeye na sari yake nzuri ile amekaa chini kwenye vumbi, ananyunyizia upande wake, mimi wangu. Shangazi akabipu. Nikapiga, haikupokelewa. Nikapiga tena, haikupokelewa. Akabipu tena. Nikapiga, ikapokelewa na mwanamke nisiyemjua, akasema mwenye simu yuko kwenye benchi anasali, na mgonjwa wenu ameingizwa chumba cha upasuaji. Nikamuuliza hali yake. Akasema yeye ni mgonjwa tu wa kitanda cha jirani, hajui.

Nikaiweka simu juu ya gunia. Sijawahi kuogopa vile, wala siku aliyokufa mume wangu. Siku ile jambo lilikuwa limeshatokea. Hapa lilikuwa linatokea huko nisikoliona, na mimi kazi yangu ni kuzuia udongo usikauke. Niliomba, Ya Latifu, Ya Latifu, mpaka ulimi ukakauka. Mama Jaya naye midomo yake inatembea. Yeye anamwita Mama yake, mimi namwita Mola wangu, na hakuna aliyemkatiza mwenzake.

Adhana ya alasiri ilishapita simu ilipoita tena. Mlio mmoja. Nikangoja ikatwe. Haikukatwa.

Nikapokea, nikasikia shangazi anavyopumua. Nikasema, shangazi, sema tu.

“Wamempasua tumbo, Zena. Wamempasua, na mtoto katoka. Kalia. Nimemsikia mwenyewe nikiwa nje.”

“Na Rehema?”

“Hajazinduka bado. Damu imemtoka nyingi. Wanasema tungoje.”

Nikawa namsikia analia. Shangazi Tatu, ambaye hata msibani hatoi chozi mbele za watu. Akaendelea, na maneno haya nayatoa kama alivyoyasema.

“Mwanangu mie alikufa na mtoto wake ndani, kwa kuwa hapakuwa na wa kumfungulia. Miaka yote hii nalaani tundu. Leo nimekaa mlangoni nimeambiwa tumbo linafunguliwa ili watoke wawili. Bado mmoja. Umevivunja?”

“Sijavivunja, shangazi. Nimevifunika.”

“Basi usivivunje. Kile ulichokiacha nusu, kitoboe. Usikiache nusu hivyo na mtoto wangu yuko nusu.”

Hakukata. Nadhani alisahau namna ya kukata. Niliiweka simu chini ikiwa wazi, nikafunua gunia.

Udongo ulikuwa palepale tulipouacha. Nikashika antena, ncha ikawa haitulii mahali pamoja. Mama Jaya akakikumbatia chungu kwa mikono yake miwili, akakikaza kwenye kifua chake, sari yote udongo, akaniambia nitoboe polepole yeye hatasogea. Nikatoboa. Kila tundu nilikuwa nasikiliza simu. Yale matundu ya upande ule hayana mstari, mengine yamepanda mengine yameshuka, na siku ya sikukuu Mama Jaya aliwakatalia wenzake walipotaka kuuficha upande huo kwa maua. Lakini hayo ni ya baadaye. Wakati ule mimi nilikuwa nimeshikilia tu kwamba nikifika tundu la mwisho bila habari mbaya, basi.

Nilifika la mwisho na simu ilikuwa kimya. Ilikuwa imejikata, salio la shangazi limekwisha. Tukabaki tumekaa na chungu kizima katikati yetu. Nililia sasa kwa sauti, sikujali jirani. Mama Jaya hakunibembeleza. Alinishika mkono tu, udongo kwa udongo.

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya vilima simu ilipoita mara ya mwisho. Namba siijui. Nikampa Mama Jaya apokee, nilikuwa siwezi. Alisikiliza, uso wake ukalegea, akaniwekea simu sikioni mwangu.

“Mama.” Sauti nzito, ya mtu aliyeamshwa na dawa bado ziko mwilini. “Wa kike. Bibi kampakata, kila muuguzi akimtaka anamkatalia.”

Nilisema jina lake, nikalisema tena. Nikamuuliza kama anaumwa, akasema anaumwa sana, na akacheka kidogo, kicheko kikamuuma. Kisha nikamuuliza lile nililokuwa naliogopa, kama naruhusiwa kuja.

Akawa anamuuliza mtu pembeni yake. Nikasikia shangazi anasema kitu, na mtoto analia karibu kabisa na simu.

“Bibi anasema uje sasa hivi,” Rehema akasema. “Anasema usipoteze muda kuoga, mikono utanawia hukuhuku, umshike mjukuu wako.”